Maneno ya Fundi Niliyoyaficha

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi wazee wa kanisa mlioniruhusu kusimama hapa mbele mchana huu, nawasalimu. Mtanisamehe nikisoma kwenye karatasi. Wengine wakisimama kushuhudia wanafungua mdomo tu na maneno yanakuja. Mimi nikifungua mdomo maneno yanakuja yote kwa pamoja, yanasukumana, na yanayotoka kwanza si yale niliyoyakusudia. Habari hii nimeiandika mara tano. Hii ni ya tatu. Ya nne na ya tano zilikuwa mbaya zaidi.

Sitataja jina la mtu. Kuna wawili katika habari hii ambao walipaswa kuulizwa kwanza, na nimewauliza. Mmoja nilimwuliza mara tatu, akaniambia nikimwuliza mara ya nne ataniondolea ruhusa yake.

Mimi ni kijana wa upande wa magharibi, kama wengi wenu. Baba yangu ni Mluhya na mama yangu ni Mjaluo, kwa hiyo kwetu tulikuwa tunaombea chakula kwa lugha moja na kugombana kwa nyingine. Hilo ndilo lililonipatia kazi. Nilipotoka chuo kikuu kule Uganda na shahada yangu, nafasi ya ualimu niliyoahidiwa ilikawia. Nyumbani walikuwa wameshachinja ng'ombe wa kunipongeza, na kila barua iliyotoka huko iliuliza kama nimepewa ofisi na kama ofisi hiyo ina dirisha. Basi niliposikia kwamba kliniki moja mjini inatafuta mtu wa kumfasiria daktari Mzungu maneno ya wagonjwa, nikaenda. Wakaniuliza lugha ninazozijua, nikazitaja, nikaanza kazi siku ileile.

Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la serikali, karibu na soko. Watu waliokuja pale hawakuwa na vidonda wala homa. Walikuja kwa sababu ya mawazo. Wengi waliletwa na mke au kaka, wachache walikuja wenyewe, na karibu wote walikaa kwenye benchi wakiangalia chini, kwa sababu mjini mtu akionekana akiingia mlango ule, habari zinafika nyumbani kabla yake.

Sasa nisikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kosa langu. Daktari yule alikuwa na sheria moja kwa wakalimani. Hakutaka niseme, "Anasema kwamba hapati usingizi." Alitaka niseme, "Sipati usingizi." Mgonjwa akisema mimi, na mimi niseme mimi. Alisema mkalimani akianza kusema "yeye, yeye," anaanza kusimama mbali na mgonjwa, na akisimama mbali anaanza kumhukumu. Ilikuwa sheria nzuri, nami naiheshimu hadi leo. Lakini fikirini, ndugu zangu, kijana mwenye kichwa kama changu, siku nzima, toka asubuhi hadi saa kumi, anasema kwa sauti yake mwenyewe, "Naogopa. Nasikia mtu akiniita. Kichwa changu kimejaa siafu. Sitaki kuishi."

Mwezi wa kwanza nilijiona ndani ya kila mmoja. Mama mmoja alieleza kwamba anasikia nyayo za dada yake aliyekufa. Jumapili hiyo nzima nilikaa chumbani nikisikiliza nyayo, na kwa kuwa nyumba ina wapangaji sita, nilizisikia nyingi. Kijana mmoja akasema kila akiingia hotelini watu wananyamaza na kumtazama. Nikaenda hotelini, nikasimama mlangoni kuchunguza kama watu watanyamaza, na nawaambia, ukisimama mlangoni pa hoteli bila kuingia wala kutoka, watu watanyamaza na watakutazama. Nikaazima kitabu cha daktari. Kufikia sura ya nne nilikuwa na magonjwa saba. Hayo yote niliyakubali, niliyaogopa, na baada ya siku chache yaliniondoka, kama viatu vya mtu mwingine ulivyovijaribu dukani.

Ugonjwa mmoja tu sikuupima, nao ni ule niliokuwa nao.

Naishi Waithaka. Nimepanga chumba kwa mama mmoja Mkikuyu, mjane, Mkristo wa siku nyingi. Asubuhi nachemsha chai kwenye jiko la mkaa, kisha natembea hadi Dagoretti Corner kupanda basi la mjini. Tangu nilipohamia nilikuwa na mazoea. Nikimaliza chai nilimwagia jiko maji. Kisha nilimwagia tena, na tena. Kisha nilifunga mlango, nikavuta kufuli, nikavuta tena, nikaenda. Nikifika njiani nilianza kuuliza: makaa yalizimika kweli? Niliyaona, ndiyo. Lakini niliyaona leo au ni jana ninayoikumbuka? Nikarudi. Nikafungua, nikaangalia majivu yaliyolowa, nikatia kidole kuhakikisha, nikafunga, nikaenda. Kuna siku nilikuwa nimeshaingia foleni ya basi pale Dagoretti Corner nikarudi kwa miguu hadi Waithaka, halafu nikarudi tena stendi, na kazini nikasema basi limeharibika. Jiko langu la udongo lilipasuka kwa kumwagiwa maji. Nikanunua lingine, nalo likapasuka.

Mama mwenye nyumba alikuwa akiniona. Siku moja alisimama na ndoo yake mkononi akaniambia, "Wewe kijana, hiyo mlango umeifunga. Mimi nimeona na macho yangu mwenyewe. Sasa unarudi kuangalia nini?"

Nilimwambia mtu msomi hana budi kuwa mwangalifu. Akasema kama kusoma kunafanya mtu asiamini kidole chake mwenyewe, basi afadhali wajukuu wake wamesoma kidogo. Nilicheka, lakini nilikasirika. Mimi niliuita uangalifu. Nilijiambia kwamba wengine ni wazembe, na kwamba siku nyumba ya mwingine itakapoungua watanikumbuka.

Sasa nawaletea fundi mmoja, mshonaji wa nguo.

Alikuja mwenyewe, siku ya Jumanne, amevaa koti lililoshonwa vizuri kuliko la daktari. Alikuwa mtu wa kwetu magharibi, anakaa Kawangware, na cherehani yake ilikuwa kwenye veranda ya duka la Mhindi. Aliketi na mfuko wa kitambaa magotini. Daktari akamwuliza kimemleta nini. Fundi akafungua mfuko, akatoa pasi ya mkaa, akaiweka mezani juu ya karatasi za daktari. Ilikuwa baridi na safi, haina hata chembe ya majivu.

Kisha akaanza kusema, kwa lugha ya baba yangu, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani akija. Alisema jioni akifunga kazi anamwaga makaa ya pasi, anamwagia maji, anatazama. Anatembea kidogo, anarudi. Mhindi alianza kumcheka, kisha akaacha kumcheka. Sasa anaibeba pasi kila aendako, maana akiwa nayo mkononi anajua haiunguzi duka la mtu. Halafu akasema haya, na nitayasema kama alivyoyasema, kwa sababu siku ile sikuyasema.

"Najua imezimika. Nimeiona, nimeishika. Lakini moyo unaniuliza, na kama hukuona vizuri? Nikiujibu, unauliza tena. Mimi si mjinga, najua ni upuuzi, lakini siwezi kuondoka."

Daktari akanigeukia, akangoja.

Ndugu zangu, nimefasiri maneno ya watu waliotaka kujiua, na sauti yangu haikutetemeka. Lakini haya yalikuwa maneno yangu. Hata mpangilio wake ulikuwa wangu. Nilijua kwamba nikifungua mdomo na kusema "mimi," yatatoka kama yanavyotoka kwa mwenyewe, na daktari atanitazama usoni na kujua. Na akijua? Nilikwenda mbio kichwani, kama kawaida yangu, hadi mwisho wa dunia. Atasema mkalimani wake ni mgonjwa. Nitafukuzwa. Nitarudi kwetu, na kule hawatasema nimeugua. Watasema kusoma kumeniharibu kichwa, na mtoto wa jirani atatolewa shule kwa ajili yangu. Yote hayo niliyaona kwa muda ambao daktari alitumia kufuta miwani yake.

Nikasema kwa Kizungu, "Kazi inanichosha. Wakati mwingine nasahausahau."

Daktari akaitazama pasi. Akauliza, na hii je?

Sikumfasiria fundi swali hilo. Nililijibu mwenyewe. Nilisema, "Naipeleka kutengenezwa."

Daktari akamwandikia dawa ya maji ya kumpa nguvu, akamshauri apumzike, arudi baada ya mwezi ikiwa bado amechoka. Fundi akairudisha pasi mfukoni. Alipofika mlangoni alinigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu, "Umemwambia yote?"

Nikamjibu, "Yote."

Sikulala vizuri mwezi ule, lakini sitadai kwamba nilijuta kama ipasavyo. Nilifanya jambo ambalo watu wa aina yangu tunalijua sana: nilifikiri. Nilifikiri jinsi ya kumwambia daktari, nikafikiri atakavyojibu, nikajibu majibu yake, nikashindwa katika mabishano ambayo sikuwahi kuyaanza. Nilifikiri kumtafuta fundi pale dukani. Mara mbili nilipita ng'ambo ya barabara. Mara ya pili nilimwona mtu mwingine kwenye cherehani. Nikajiambia fundi amepumzika, kama alivyoshauriwa.

Mwezi ulipokwisha hakuja. Alikuja mke wake, na mtoto mgongoni. Alinikuta nje, kabla daktari hajaita mtu, akaketi kando yangu kwenye benchi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alisema mumewe hatoki nyumbani tena. Anakaa ndani ya mlango, pasi ameipakata, na mtoto akipita na kikombe cha chai anamwuliza kama ni cha moto. Mhindi alingoja wiki mbili kisha akampa mtu mwingine nafasi. Ndugu wa mumewe wameandika kwamba Jumamosi wanakuja kwa gari la moshi kumchukua. Wamesema atapelekwa kwa mganga, na asipokubali atafungwa kamba aende vivyo hivyo.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu," akasema, maana wote waliniita hivyo, "wewe ulikuwa humo ndani. Mume wangu anasema alieleza mpaka mwisho, habari ya moyo unaouliza. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Daktari aliposikia maneno yale, alisema nini?"

Ningeweza kumwambia uongo wa pili. Nawaambia kweli, nilikuwa nao tayari. Lakini daktari akaita, tukaingia, na mama yule akaanza kueleza, nami nikaanza kufasiri. Nilifasiri vizuri. Nilisema mume wangu hatoki. Nilisema mume wangu anajua imezimika, ameiona, ameishika, lakini moyo unamwuliza kama hakuona vizuri. Mama akafika mwisho wa maneno yake, akanyamaza ili kumpapasa mtoto.

Mimi sikunyamaza.

Nilisikia sauti yangu ikiendelea. Ilisema kwamba namwagia maji mara tatu. Ilisema natia kidole kwenye majivu, na kwamba nikifika Dagoretti Corner narudi tena Waithaka, na majiko mawili yamepasuka, na si kweli kwamba basi liliharibika. Daktari alikuwa anaandika. Akasimamisha kalamu. Akauliza kwa nini mtu wa Kawangware arudi Waithaka.

Nikasema, "Huyo si yeye, bwana daktari. Huyo ni mimi."

Halafu nikamweleza habari ya siku ile ya kwanza, dawa ya nguvu, na pasi niliyoipeleka kutengenezwa.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliweka kalamu chini, akasema kwamba mtu yule alitueleza kila kitu, ndani ya chumba hiki, mwezi mmoja uliopita, nasi tukampa sharubati. Alisema "sisi," ndugu zangu, alisema kosa ni letu, na bado naliona kama zawadi ambayo sikustahili. Akaniamuru nimwambie mama. Nikamwambia, kwa lugha yake, mbele yake. Akasema, "Kumbe daktari hakusema kitu kwa sababu hakusikia." Kisha akasimama, akafunga mtoto mgongoni, akauliza kama tunakwenda au hatuendi.

Tulikwenda mchana uleule, kwa gari dogo la daktari. Tulipofika Kawangware daktari alinishika mkono kabla sijashuka. Alisema leo nitafasiri kwa mtu huyu kwa mara ya mwisho, na maneno ya kwanza nitakayosema yatakuwa yangu mwenyewe.

Fundi alikuwa palepale alipoambiwa yuko, ndani ya mlango, pasi magotini. Alikuwa amekonda. Lile koti zuri lilimning'inia. Nilichuchumaa mbele yake, kwa sababu nikisimama ningeonekana kama karani wa kodi.

Nikamwambia, "Uliniuliza kama nimesema yote. Nilikudanganya. Sikusema hata moja."

Akauliza kwa nini. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama fundi anayeuliza kwa nini mshono umefumuka.

"Kwa sababu yalikuwa ni maneno yangu pia. Niliogopa kuyasema yakasikika ni yangu."

Akaniangalia toka viatu hadi kola. Akasema, "Na wewe una pasi?"

"Nina jiko."

"Umelimwagia maji leo?"

"Mara tatu."

"Na likazimika?"

Nikasema, "Sijui."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa pumzi tu iliyotoka kwa mshangao, lakini mke wake, aliyekuwa akitafuta kiti cha daktari, alisimama na kiti mkononi akageuka. Baadaye aliniambia ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua.

Sitawachosha na habari ya matibabu. Si muujiza, na sitaki mtu atoke hapa akidhani ni muujiza. Daktari alimwomba fundi ampe mke wake pasi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Siku ya kwanza alikunywa haraka hadi akaungua ulimi. Baadaye vikombe viwili, baadaye hadi sokoni na kurudi. Mimi niliondolewa kwenye kufasiri kwa miezi miwili, nikawekwa kupanga kadi, na Jumanne niliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine nikingoja zamu yangu. Wa kwanza kuniona nimeketi upande huo walidhani nimechoka kusimama. Fundi aliketi kando yangu. Tulikuwa tukiulizana habari, yeye ya pasi, mimi ya jiko, kama watu wengine wanavyoulizana habari ya ng'ombe.

Ndugu zake walikuja Jumamosi ile kama walivyoandika. Mke wa fundi alisimama mlangoni akawaambia mumewe ana ugonjwa unaojulikana na daktari anayeujua, na kwamba wanakaribishwa kula lakini kamba waiache nje. Walikaa siku mbili. Nilikwenda kuwasalimu na kukiri kosa langu, maana nilikuwa nimejifunza kwamba nikingoja kufikiri sitakwenda. Yule kaka mkubwa alinivuta kando. Aliniuliza, kwa niaba ya rafiki yake, eti mtu ambaye jioni anahesabu ng'ombe zizini mara tano, na akishaingia nyumbani anatoka kuhesabu tena, naye ana ugonjwa huo? Nikamwambia sijui, na kwamba mimi nilishajipa magonjwa saba kutoka kitabuni, kwa hiyo huyo rafiki aje aseme mwenyewe kwa daktari. Rafiki hakuja. Lakini kaka huyo hakusema tena habari ya kamba, akarudi nyumbani na mwenzake, na fundi akabaki na mke na watoto wake.

Bado sijamaliza habari ya mama mwenye nyumba wangu. Daktari aliniagiza niwaambie watu wa nyumbani kwamba nikiwauliza kama moto umezimika, wasinijibu. Alisema kila jibu ni kama kuni. Nilimweleza mama yule jioni, nikingoja aniambie nihame. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi ukiniuliza, mimi nasema sijui. Hata nikiwa najua."

Kesho yake asubuhi nilimwuliza. Akasema, "Sijui."

"Lakini mama, umeniona nikimwaga maji."

"Mimi ni mzee, macho yangu haioni mbali. Enda kazi."

Nilisimama pale uani, jasho linanitoka saa moja ya asubuhi, nikaenda kazi. Nyumba haikuungua. Siku ya pili nilitaka kurudi zaidi kuliko ya kwanza. Lakini nilikwenda.

Wiki kadhaa baadaye, tukiwa tunachambua maharagwe, akaniambia bila mimi kumwuliza. Mwanawe mmoja bado yuko kizuizini, tangu askari wa serikali walipowakusanya vijana wa Kikuyu. Nyinyi mnajua, wengine hapa mna wenu. Akasema, "Kila Jumamosi nafua shati yake. Haina uchafu. Inatoka kwa sanduku safi, nafua, napiga pasi, narudisha kwa sanduku. Nikiacha, naona kama nimekubali harudi. Wewe ulifikiri ni wewe peke yako?"

Ndiyo, mama, nilifikiri ni mimi peke yangu. Nilikuwa nikipita karibu na kamba yako ya kuanikia kila Jumamosi, na shati lile nililiona, nikafikiria jiko langu.

Ameniruhusu kusema hili. Yeye ndiye niliyemwuliza mara tatu.

Basi nawashukuru. Namshukuru daktari aliyesema kosa ni letu. Namshukuru mke wa fundi, ambaye alikuwa na haki ya kunitemea mate na badala yake akauliza kama tunakwenda. Namshukuru mama mwenye nyumba kwa kila "sijui" aliyonipa. Namshukuru fundi, ambaye sasa ana veranda nyingine na anashona, na pasi inalala dukani siku nyingi, si zote. Namshukuru Mungu, ambaye nilikuwa nikimwomba aniondolee mashaka, na alichonipa ni watu.

Mimi sijapona kabisa. Juzi nilirudi mara moja. Mara moja, siyo nne. Na nimerudishwa kwenye kazi ya kufasiri.

Mtauliza somo ni nini. Nilidhani hatari ya kusikia mateso ya wengine ni kujiona ndani yake. Nikajiona mahali pengi ambapo sikuwapo, na hilo halikumdhuru mtu, lilinipotezea Jumapili tu. Kilichomdhuru mtu ni siku nilipojiona kweli, nikajificha, na kwa kujificha nikamficha na yeye. Mtu huyo alikuja na maneno yake yote, na kati yake na msaada kulikuwa na mimi tu, nimesimama mlangoni naogopa kwa ajili ya jina langu. Na nyinyi mnafasiri, ndugu zangu. Mnafasiri mke anapowaambia kitu mkakipeleka kwa wazee kimepunguzwa. Mnafasiri mtoto anaposema haendi shule, mkasema ni mvivu. Ukisikia neno la mtu likakugonga kifuani, usilipunguze.

Na kama leo yupo humu ambaye, nilipokuwa nikisoma, alishika benchi kwa mkono akasema moyoni, huyu ananisema mimi, sitamwomba asimame. Mimi huketi safu ya tatu upande wa dirisha. Baada ya ibada njoo uketi kando yangu. Ukitaka nikusindikize mjini Jumanne, nitakusindikiza, na ukisema kwa lugha ya nyumbani, nitakusemea. Nitasema mimi, kama ulivyosema mimi, na sitapunguza neno.